Sitara na Kimya



Wiki hii barua yangu inatoka Plateau, kituo kidogo cha biashara kilichoko kusini-mashariki ya mji wa Eldoret, katika kaunti ya Uasin Gishu. Wengi wenu mnaijua Eldoret kwa sababu mmewapeleka vijana wenu kusoma Chuo Kikuu cha Moi, au mna jamaa wanaofanya biashara huko. Plateau hupitwa tu. Ipo kwenye reli iliyojengwa kutoka Nakuru, ikapanda hadi Timboroa, penye kimo cha zaidi ya mita 2,700, kisha ikateremka na kufika Eldoret mwaka 1924. Jina lenyewe ni la Kiingereza, na maana yake ni uwanda wa juu. Mtu wa Mvita akiamka huku mwezi wa Julai hana haja ya kuelezwa maana hiyo; baridi humweleza kabla hajavua blanketi.

Nchi hii imejaa majina yanayohitaji mzee wa kuyafungua. Eldoret yenyewe wazee huiita Sisibo, nalo ni neno lililotoka katika namba 64 ya Kiingereza, namba ya shamba ambalo mji ulijengwa juu yake zama za walowezi. Si mbali na Plateau kuna mahali panapoitwa Flax, yaani kitani, kwa ajili ya zao ambalo walowezi walilikimbilia baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, bei yake ikaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1920, nalo likaachwa. Zao limekwenda na jina limebaki. Kisha ikaja miwati, ambayo magome yake yalitolewa dawa ya kutengenezea ngozi, na ambayo iliajiri watu wengi kwa miaka mingi. Leo ukipita barabarani utaona mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa. Yaliyokuwapo kabla ya hayo yamo vifuani mwa watu, na watu hawa wanazeeka.

Hapo ndipo ninapotaka kuanzia. Ni nani anayeketi nao na kuwauliza?

Isidhaniwe kwamba waandishi wa habari hawaji sehemu hizi. Wanakuja, tena kutoka mbali. Plateau ni jirani ya Kaptagat, nako ndiko iliko kambi ya mazoezi ya Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni mjini Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Kamera za Ulaya, Marekani na Japani zimepanda barabara hii mara nyingi kuliko baadhi ya watumishi wa serikali. Zikifika hupiga picha vumbi jekundu, miti ya misonobari na vijana wanaokimbia alfajiri, kisha hurudi uwanja wa ndege. Mwanamke anayeuza maziwa pembezoni mwa njia ileile huonekana nyuma ya picha, bila jina.

Hilo peke yake lisingekuwa jambo kubwa. Dunia ina haki ya kumtazama bingwa, na bingwa anastahili kutazamwa. Lakini fikirieni habari ya Agnes Tirop. Tarehe 12 Septemba 2021, huko Ujerumani, binti huyu aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake watupu, dakika 30 na sekunde 1. Sekunde zake ziliandikwa na kila gazeti la michezo duniani. Tarehe 13 Oktoba, mwezi mmoja baadaye, alikutwa ameuawa kwa kudungwa kisu nyumbani kwake Iten, naye alikuwa na umri wa miaka 25. Ndipo habari za maisha yake ya nyumbani zikaanza kuandikwa, na ndipo wanariadha wenzake walipounda shirika lililobeba jina lake ili kuwasaidia wanawake wanaodhulumiwa majumbani. Muda wake wa kukimbia uliandikwa alipokuwa hai, na maisha yake yakaandikwa baada ya kuzikwa.

Najua kuna msomaji ambaye moyo wake umekwisha kusema: mambo ya nyumbani ni ya sitara. Ni kweli, nami sitaki kulipuuza neno hilo, kwa sababu ni moja katika maneno mazuri tuliyo nayo watu wa pwani. Sitara ndiyo iliyojenga nyumba zetu zenye daka na kiwambo, ndiyo iliyotufundisha kubisha hodi mara tatu na kurudi. Suratul Hujurat, katika aya ya 12, inakataza kupelelezana na kusengenyana. Lakini sura hiyohiyo, katika aya ya 6, inaamrisha habari ichunguzwe kabla haijaaminiwa, watu wasije wakadhurika kwa ujinga. Mwenye kusoma aya moja akaiacha ya pili amesoma nusu. Na Imamu Nawawi, katika Riyadhus Salihin, baada ya kueleza ubaya wa kusengenya, aliweka mlango mzima wa hali sita ambazo kumtaja mtu kwa ubaya wake kunaruhusiwa, na hali ya kwanza kabisa ni ya aliyedhulumiwa anapopeleka mashtaka yake. Baada yake zimo kutaka msaada wa kuondoa ovu na kuwatahadharisha watu na madhara. Mwanachuoni huyu alifariki mwaka 1277, wala hakuwa mwandishi wa magazeti, lakini sijaona mhariri aliyelipanga jambo hili kwa uangalifu kumpita.

Kwa hiyo sitara na kimya si kitu kimoja. Sitara humlinda mnyonge na aibu yake. Kimya mara nyingi humlinda mwenye nguvu na dhuluma yake, naye huvaa nguo ya sitara asitambulike. Katika mji mkubwa mambo haya mawili hutenganishwa na mahakama na mawakili. Katika kijiji hutenganishwa na mtu mmoja au wawili wenye subira ya kusikiliza, wanaojulikana kwa majina yao, na ambao kesho watakutana sokoni na yule waliyemwandika leo.

Eldoret ilikuwa na mtu wa namna hiyo. John Kituyi alikuwa mhariri wa Mirror Weekly, gazeti huru la kila wiki lililochapishwa mjini humo. Halikuwa gazeti la Nairobi lenye ofisi ya tawi. Lilikuwa gazeti la mkoa, lililowaandikia watu wa pale habari za pale. Ni wakati ambapo habari nzito kuliko zote Uasin Gishu zilikuwa ni kesi za The Hague, zilizotokana na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na gazeti lake liliziandika. Usiku wa Alhamisi, tarehe 30 Aprili 2015, alipokuwa akirudi nyumbani kwa miguu, watu wasiojulikana walimvamia na kumpiga hadi akafa. Kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, walichukua simu yake.

Sisemi ni nani wala kwa nini. Hilo ni la mahakama, na aya ya 6 inanifunga mimi kama inavyomfunga mwingine. Nasema tu kwamba mauaji yale yametajwa katika ripoti ya Human Rights Watch na Article 19 iliyotoka mwezi wa Mei 2017, miezi michache kabla ya uchaguzi, ikieleza vitisho na mashambulizi dhidi ya waandishi nchini Kenya. Jina la ripoti hiyo, kwa Kiswahili, ni sawa na kusema kwamba jambo hili halistahili hatari yake. Waandishi wa kaunti waliohojiwa walikuwa wamefikia hesabu hiyo, na mimi siwalaumu. Mwandishi wa gazeti la kimataifa akitishwa hupanda ndege. Wa Eldoret hupanda bodaboda, na mwenye bodaboda anajua nyumba yake.

Upo upande wa pili, nao haufai kufichwa. Maneno ya karibu yana moto. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lililokuwa limejaa watu waliokimbilia usalama, wengi wao wanawake na watoto, lilichomwa moto. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza machafuko yale, ilizitaja redio za lugha za kienyeji miongoni mwa vilivyochochea chuki. Mtangazaji mmoja wa redio ya Kikalenjin, Joshua arap Sang, alifikishwa The Hague, na kesi yake ikakomeshwa tarehe 5 Aprili 2016 kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo mtu wa Uasin Gishu akisikia mtu anasema ataanzisha gazeti au redio ya mtaa, ana haki ya kuuliza kwanza: italisha nini? Ukaribu na watu hautoshi kumfanya mwandishi awe mwema. Kinachofaa ni ukaribu ulioshikwa na uchunguzi, na uchunguzi ni kazi inayochosha, ya kwenda na kurudi, ambayo mwenye kipaza sauti hapendi kuifanya.

Mfano mzuri wa kazi hiyo tuliwahi kuuona. Mwezi wa Machi 2024, wakulima wa uwanda huu walipokuwa wakijitayarisha kupanda, shirika huru la uandishi la Africa Uncensored, lililoanzishwa mwaka 2015 na John-Allan Namu pamoja na Kassim Mohamed, lilitoa uchunguzi wake kuhusu mbolea ya ruzuku. Serikali ilikuwa ikiuza mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 2,500, nafuu kubwa kwa mkulima, kupitia maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao. Uchunguzi ukaonyesha kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa haikuwa na mbolea ndani yake. Mkulima alikuwa amepanga foleni, amelipa, amekodi gari, akaenda kuutia mchanga mchanga mwingine. Jambo lilifika Bungeni. Tarehe 2 Mei wabunge 149 walipiga kura ya kutaka Waziri wa Kilimo aondolewe, na baadaye kamati teule ikaona madai hayo hayakuthibitishwa.

Tuliache la siasa. Mimi hunivuta jambo jingine katika kisa hiki. Mkulima huijua mbolea yake kwa vidole. Huijua kwa harufu, kwa uzito, kwa namna inavyoyeyuka ardhi ikiwa na unyevu. Mwenye shamba aliyeishi miaka 40 juu ya udongo mmoja ni maabara inayotembea. Kama pangekuwa na mtu Plateau, au Ainabkoi, au Moiben, ambaye kazi yake ni kupita kila wiki na kuuliza wakulima wanaonaje mambo, je, tungengoja wachunguzi watoke Nairobi? Na wazazi wale wa kaunti hiihii walioandamana Eldoret mwaka 2023 wakidai fedha walizotoa ili watoto wao wapelekwe kusoma Finland na Canada, kupitia mpango wa serikali ya kaunti, wasingekuwa wamepata mahali pa kusemea kabla ya kuingia barabarani na mabango? Naamini wangepata. Msiba wa mahali padogo ni kwamba habari hujulikana na kila mtu mmoja mmoja, na haijulikani kwa wote pamoja. Kila mzazi alidhani ni bahati yake mbaya.

Watu wa pwani tusiyasome haya kama habari za ugenini. Kazi hii tuliifanya sisi mapema. Mwaka 1930, hapo Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alianza kutoa Sahifa, karatasi ndogo ya Kiswahili, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Hakungoja kiwanda cha uchapaji wala mtaji wa tajiri. Aliandika juu ya yale aliyoyaona yakipita mbele ya baraza lake: israfu ya harusi, ulevi, watoto wasiosomeshwa, wasichana walioachwa nyuma, watu kuiga ya wageni bila kupima. Hakuwataja watu kwa aibu zao za siri, wala hakuufumbia macho uozo uliokuwa wazi. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, hadi alipofariki mwaka 1947. Mwenye kuona kwamba jarida la familia ni mahali pa matangazo ya harusi na nyakati za swala tu, na aulize Sahifa ilikuwa na kurasa ngapi.

Na katika kuhoji watu wa kawaida, tunacho kitabu ambacho kila nyumba ya Mombasa ingepaswa kuwa nacho. Sarah Mirza na Margaret Strobel walirekodi mazungumzo ya wanawake watatu wa mji wetu, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, yakatoka kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili miaka miwili baadaye. Hakuna kati yao aliyekuwa waziri wala bingwa. Walisimulia unyago na harusi, utumwa na uungwana, talaka, ngoma, nani alikaa na nani na kwa daraja gani. Mambo yaliyokuwa yakisemwa ukumbini, wanaume wakiwa nje, yakawa historia. Nimewasikia wasomi wakikitaja kitabu hicho katika vyuo vya ng'ambo zaidi ya nilivyokisikia Kibokoni.

Angalieni namna kazi ile ilivyofanyika, maana humo mna adabu yote. Waliokuwa wakiuliza walikuwa wanawake, na walioulizwa walikuwa wanawake. Waliuliza kwa lugha ya wenye nyumba. Walirudi, wakarudi tena. Huku Plateau ni vilevile: ukimwendea ajuza wa Kikalenjin, mwite kogo, kaa chini, pokea mursik uliyomiminiwa kibuyuni hata kama ulimi wako umezoea tangawizi, na simu yako iache mfukoni mpaka akuruhusu. Usianze na swali kubwa. Ukimwambia akueleze historia ya ukoloni atakupa yale aliyoyasikia mkutanoni. Muulize magome ya miwati yalifungwaje mizigo, na mzigo mmoja ulilipwa nini. Muulize kituo cha reli kilikuwaje siku ya treni ya abiria. Hapo atanyamaza kidogo, na baada ya kunyamaza ndipo maneno yatakapokuja. Kisha ukimaliza kuandika, rudi umsomee. Akisema hili litoe, litoe, ikiwa ni lake mwenyewe. Ikiwa ni fedha ya umma, au ni damu, hapo mwulize Imamu Nawawi.

Mara nyingi vijana wetu huniambia: sisi si waandishi, hatuna kitambulisho cha Baraza la Vyombo vya Habari, nani atatujibu? Nawajibu kwamba kuzungumza na bibi yako hakuhitaji kitambulisho. Ama kuuliza ofisi ya umma, haki hiyo imo katika kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010, nayo ni ya kila raia, si ya mwandishi peke yake. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016 imeweka muda: ofisi iliyoombwa taarifa haina budi kujibu katika siku 21, na ikiwa taarifa yenyewe inahusu uhai au uhuru wa mtu, katika saa 48. Wakikataa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Huna haja ya kueleza kwa nini unataka kujua. Msikiti unaotaka kujua kiwanja cha makaburi kimesajiliwa kwa jina la nani unaweza kuuliza kwa barua hiyo. Kadhalika mama anayetaka kujua fedha za karo za kaunti ziligawanywa vipi katika wadi yake. Ni watu wachache mno wanaoitumia sheria hii, na ofisi nyingi zimezoea kutoulizwa.

Gharama ipo. Karatasi, wino, nauli, na mfanyabiashara atakayeondoa tangazo lake kwa sababu shemeji yake ametajwa. Gazeti dogo huuawa kwa njaa mara nyingi zaidi kuliko kwa rungu. Ndiyo maana napenda zaidi mpango wa jamaa, ambapo nyumba 50 zinatoa kidogo kidogo kila mwezi, kuliko ule wa mfadhili mmoja mwenye mkono mpana. Nyumba 50 haziwezi kukasirika zote siku moja.

Wiki ijayo, inshaallah, nitaweka katika safu hii mfano wa barua ya kuomba taarifa, kwa Kiswahili, ili atakaye aikate na kuijaza. Wenye wazazi waliofanya kazi relini, bandarini au katika viwanda vya zamani vya magunia na korosho, na ambao wako tayari kuketi nao kwa ajili ya jarida hili, wawapelekee majina yao makatibu wa mitaa kabla ya swala ya Ijumaa. Kwa akina mama watatumwa akina mama.